Bomba la shaba na mazutu ya mawese: nani kamla mwenzake?

MashiniYaUnga (Katuba)

Jambo wakubwa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi kwenye vitungi vya jaribio langu, chini.

Nina mashini ya kusaga mahindi hapa Katuba, Lubumbashi. Injini ni ya silinda moja, ya zamani, ile ya kuwashwa kwa manivela (mkono wa kuzungusha) na kupozwa kwa pipa la maji. Tangu mwezi wa tisa naiwekea mazutu (dizeli) na biodizeli ya mawese, nusu kwa nusu. Anayeipika ni shemeji yangu. Nasema biodizeli, sisemi mawese. Wapo wanaomimina mawese ya jikoni moja kwa moja kwenye tanki, kisha wanalaumu mchikichi. Mawese mabichi ni mazito mno: hata ukiyapasha hadi nyuzi 40 bado uzito wake wa kutiririka ni kama mara kumi ya mazutu. Shemeji anayapika na methanoli na soda kostiki, gliserini inatuama chini, juu kinabaki kitu chepesi cha njano ambacho injini inakikubali.

Miezi sita sikuwa na neno. Moshi ulipungua hadi jirani akaniuliza kama nimenunua injini nyingine. Harufu ikawa ya mama anayekaanga mikate barabarani, watoto wanapita wanavuta pua.

Mwezi wa tatu ikaanza kukohoa. Kuwasha asubuhi ni kazi ya wanaume wawili. Nikafungua filitri, nikakuta ute wa kahawia kama kamasi. Nikafungua bolti ya mrija unaoingia kwenye pompi. Rondeli (washa) ya shaba iliyo chini ya bolti ilikuwa kijani upande wa ndani, kijani cha sanamu ya zamani, ukipitisha kidole rangi inabaki kidoleni. Mafuta yaliyochuruzika hapo yalikuwa ya kijani, na yale ya kwenye tanki yalikuwa ya njano kama kawaida. Pistoni ya pompi imeganda kabisa, mekanisie aliitoa baada ya kuiloweka usiku mzima kwenye mazutu.

Hukumu yake ilikuwa fupi: "Mawese yamekula pompi. Rudi kwenye mazutu." Sasa mtaa mzima unajua kwamba mawese yanakula injini.

Ila kuna jambo lilinikaa rohoni. Tanki ni la chuma, nimelimulika na tochi, ni safi. Mirija migumu ya kwenda kwenye enjektere (nozeli) ni chuma, safi. Uharibifu umeanza pale bomba la shaba linapoanza. Na bomba hilo halikuja na injini! Mwezi wa nane mrija wa mpira ulipasuka, mekanisie huyohuyo akaniwekea bomba la friji iliyokufa, kama mita moja na nusu, akalikunja duara mbili liwe zuri. Akasema, "Mzee, shaba haishiki kutu." Mimi niliyezaliwa Lubumbashi, nikakua naangalia moshi wa kiwanda cha shaba, ningebisha nini?

Nimeanza jaribio la vitungi. Nitarudi baada ya wiki sita. Kwa sasa nauliza: nani amewahi kuona hii ya kijani?

FundiWaKenya

(Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi, maana kila mara naulizwa.)

Mzee, mimi sina ugomvi, lakini miaka 20 naweka bomba za shaba kwenye gurupu (jenereta), kwenye mashini za unga, kwenye matrakta. Hakuna hata moja iliyotoboka. Mpira unapasuka, chuma kinaoza kwa nje wakati wa mvua, shaba inabaki. Tatizo ni hayo mafuta ya kupika. Pompi haikutengenezewa sombe (kisamvu) na mawese.

Dereva_Kasumbalesa

Salaam ndugu zangu. Mimi ni wa Dar, foleni ya mpaka imenipa muda wa kusoma nyuzi zote. Fundi, nakuuliza kwa heshima: Indonesia wameweka biodizeli ya mawese asilimia 30 kwenye pampu za nchi nzima tangu 2020, na 2025 wakapanda hadi 40. Ingekuwa mawese yanakula injini kama unavyosema, wale wangekuwa wanatembea kwa miguu. Ulaya nako dizeli ya kawaida inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 7 ya biodizeli, na hizi lori tunazoendesha zimetoka huko.

FundiWaKenya

Indonesia hawapikii nyuma ya nyumba.

Dereva_Kasumbalesa

Hapo umenishika.

MamaSabuni_Ruashi

Baba wa mashini, hodi. Mimi sijui pompi, najua mawese na soda, ndiyo kazi inayosomesha watoto wangu. Naomba nikuulize: shemeji ananunua mawese gani?

Mawese si kitu kimoja. Yapo matamu, yapo yale yanayowasha koo. Yanayowasha yamekaa sana, au ngazi (matunda ya mchikichi) zilirundikwa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, yameshageuka kuwa asidi. Kwenye sabuni mimi nayapenda, bei yake iko chini na yanashika soda haraka. Lakini yanakula soda nyingi kuliko matamu. Kama shemeji anapima soda ileile kila siku bila kuonja mafuta, basi siku ya mawese makali soda yote inaishia kutengeneza sabuni, na asidi nyingine inabaki ndani ya mafuta yako. Hapo unamwagia injini sabuni na siki kwa pamoja.

Jaribu hivi: chukua chupa safi, nusu biodizeli, nusu maji, itikise kwa nguvu, iache nusu saa. Ikitengana vizuri, maji chini na mafuta juu, shemeji anajua kazi. Ikibaki nyeupe kama maziwa, kuna sabuni ndani.

MashiniYaUnga

Mama, aksanti sana. Nimejaribu jioni hii na bidoni (madumu) mbili. Ya juzi imetengana kwa dakika kumi. Ya mwezi wa pili, iliyobaki kidogo, hadi sasa ni maziwa. Shemeji nimempigia. Amekiri kwamba mwezi wa pili alinunua "yale ya bei nzuri".

Mwalimu_Likasi

Nimefurahi Mama Sabuni amefika kabla yangu, amesema kwa mistari michache kitu kinachonichukua vipindi viwili darasani.

Tuweke mambo mahali pake. Biodizeli iliyopikwa vizuri haina salfa ya maana, na inalainisha pompi kuliko mazutu makavu ya siku hizi. Hata asilimia 1 au 2 ikichanganywa inapunguza msuguano. Kwa hiyo tusichanganye kuchakaa na kuliwa. Chuma kusuguana na chuma, biodizeli inasaidia. Kuliwa kwa kemia ni habari nyingine, na hapo ina makosa matatu.

Kosa la kwanza, inapenda maji. Mazutu yanakataa maji, yanayaacha yatuame chini. Biodizeli inayameza na kuyaficha ndani yake, kwa kiasi cha mara kadhaa kuliko mazutu, wala huyaoni kwa jicho. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 14214 kinataka yasizidi miligramu 500 kwa kilo. Shemeji akiosha mafuta kwa maji halafu asiyapashe moto hadi yakauke, amekupa mafuta yaliyoloa. Weka matone mawili kwenye kikaango cha moto: yakilialia kama kitunguu, yana maji.

La pili, inachacha. Molekuli zake zina sehemu ambazo hewa inazishambulia, na mwisho wake ni asidi ndogondogo, zikiwemo asidi ya siki na ile ya sisimizi, pamoja na gundi. Mawese hapo yana nafuu, karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba yasiyoshambuliwa haraka. Mbono, soya na alizeti zinachacha upesi zaidi.

La tatu ndilo la kwenu Katuba, maana shaba inaiharakisha ile ya pili. Shaba, shaba ya njano, bronzi, risasi, bati, zinki, zote hizo hazipatani na biodizeli. Chuma, inoksi (chuma kisichoshika kutu) na aluminiamu zinavumilia.

Namba ninazozijua: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Malaya kule Kuala Lumpur walitumbukiza metali kwenye biodizeli ya mawese ya nyuzi 80 kwa saa 1,200. Kwa kipimo cha elfu za inchi kwa mwaka, shaba ililiwa 0.586, kwenye dizeli ya kawaida 0.3. Aluminiamu 0.202 dhidi ya 0.15. Inoksi 0.015 kotekote.

Sasa FundiWaKenya, shika kalamu. 0.586 ya elfu ya inchi ni kama milimita 0.015. Bomba lenye unene wa milimita moja litachukua zaidi ya miaka 60 kutoboka, tena likichemshwa mfululizo. Kwa hiyo unasema kweli: bomba zako hazitoboki. Ndiyo maana hujawahi kulishuku! Bomba halikuisha, mafuta ndiyo yaliyoisha. Ile shaba kidogo inayoyeyuka inaingia kwenye mafuta, inayachachusha haraka, yanatoa asidi, asidi inachukua shaba nyingine, na gundi inakwenda kuganda kwenye pistoni ya pompi ambako nafasi ni nyembamba kuliko unywele. Unakuta pompi imekufa na bomba linang'aa, unamkamata mtu asiye na kosa.

FundiWaKenya

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Kijani basi ni nini?

Mwalimu_Likasi

Chumvi za shaba na asidi za mafuta. Ukipenda, sabuni ya shaba. Mama atanielewa.

MamaSabuni_Ruashi

Nimekuelewa, lakini hiyo usiniletee sokoni.

Muzee_Kamalondo

Watoto, mnazungumza kama mmegundua jambo. Haya yalianzia kwetu, au tuseme yalianzia kwa mafuta yetu. Mwaka 1937 Mbelgiji mmoja wa chuo kikuu cha Brussels, Chavanne, alipewa hati ya uvumbuzi namba 422.877 kwa kugeuza mafuta ya mimea, mawese yakiwemo, yatumike kwenye injini. Mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea Brussels hadi Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo, na mwaka 1942 jarida la kilimo la Congo ya Wabelgiji likachapa makala nzima juu yake. Alitumia pombe ya etanoli badala ya methanoli. Mawese yakasafiri kwa meli nzima, sisi tukanunua mazutu. Nimemaliza, endeleeni na shaba yenu.

Dereva_Kasumbalesa

Shikamoo mzee. Hii nainakili niwasomee wenzangu hapa foleni.

Bukavu_Juu

Habari za Bukavu. Tuna gurupu ya kanisa, tunaiwasha umeme ukikatika tu, wakati mwingine inakaa mwezi mzima. Kijana mmoja anatuuzia biodizeli. Tuitumie?

Mwalimu_Likasi

Kwa gurupu inayolala mwezi mzima, hapana. Mashini ya unga inakunywa tanki kwa siku mbili, mafuta hayapati muda wa kuchacha. Yako yatakaa kwenye pompi yakisubiri umeme ukatike. Mkilazimika, mchanganyo uwe mdogo, tanki lijae hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na kabla ya kuzima iendeshwe dakika 15 kwa mazutu matupu. Wala msiyahifadhi kwenye pipa la mabati yenye zinki, yatatoa tope.

Bukavu_Juu

Aksanti mwalimu. Kijana amekasirika lakini ameelewa.

FundiWaKenya

Nirudi kidogo, maana sipendi kukaa na neno. Kuna gurupu moja niliifungua mwaka jana, ya mtu anayetumia haya mafuta. Pompi ilikuwa nzuri. Lakini kusine za krenki zilikuwa nyeusi na zimechimbika vidoti, utafikiri panya wametafuna. Mafuta ya injini yalikuwa mepesi na yamezidi alama ya juu. Nikadhani ni maji, nikatafuta gasketi iliyopasuka, sikuiona. Nayo ni haya?

Mwalimu_Likasi

Kuna uwezekano mkubwa. Biodizeli inachemka kwa moto mkali kuliko mazutu. Tone linalopita pembeni ya ringi na kuingia kwenye mafuta ya injini, likiwa ni la mazutu sehemu yake hupaa injini ikipata moto; la biodizeli linabaki, linaongezeka, linachacha humo humo. Na kusine nyingi za injini za zamani ni bronzi yenye risasi, metali mbili ambazo biodizeli inapenda kuzila. Dawa ni kumwaga mafuta ya injini mapema. Kama ulikuwa unamwaga kwa saa 200, mwaga kwa 100, na kijiti cha kupimia kikionyesha mafuta yanapanda, usifurahi.

Dereva_Kasumbalesa

Nyie kusine, sisi beringi za krenki. Nimeongeza neno.

Na mpira je? Rafiki yangu Morogoro alitumia hii kitu, mipira yote ya mafuta ikavimba kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima.

Mwalimu_Likasi

Mipira ya kawaida inavimba na kulainika, kweli. Ile ya fluoro, inayouzwa kwa jina la Viton, inahimili. Bei yake ni ya kusikitisha.

MashiniYaUnga

Wiki sita zimetimia. Vitungi.

Vilikuwa sita, vya mayonezi, vifuniko nimevitoboa hewa iingie, vyote na biodizeli ya bidoni moja, ile nzuri iliyopita mtihani wa Mama. Nilivipanga kwenye ubao nyuma ya injini, ambako joto halikatiki mchana.

Cha kwanza mafuta matupu: njano, harufu imechacha kidogo. Cha pili nimetia msumari: unang'aa kama siku niliyoununua. Cha tatu msumari na kijiko cha maji: hapa niliangalia sana. Msumari ulisimama wima, miguu kwenye maji, kichwa kwenye mafuta. Umeshika kutu hadi pale maji yanapoishia, kwa mstari ulionyooka kama umechorwa na rula, na juu ya mstari ni safi. Cha nne kipande cha aluminiamu: sioni tofauti.

Cha tano ni kipande cha bomba lenyewe la friji, nilikisugua na msasa hadi kikawaka. Wiki ya pili mafuta yalianza kugeuka. Leo ni kama maji ya sombe. Kipande chenyewe kimekuwa cheusi, lakini nimekipima kwa vidole, ni kizima, kigumu vilevile. Cha sita, shaba na maji, ni kijani zaidi na kati ya maji na mafuta kuna utando wa ute. Ni ule ule wa kwenye filitri yangu, hata nikifumba macho nautambua kwa kuushika.

Nikavipeleka kwa Mama Ruashi, tukapima asidi kwa njia yake: mafuta kidogo kwenye spiriti, manjano ya kupikia kama rangi, kisha maji ya soda tone kwa tone hadi manjano yageuke mekundu. Kitungi cha kwanza matone 8. Cha msumari mkavu 8. Cha shaba matone 23.

MamaSabuni_Ruashi

Nilihesabu mimi. Yeye mikono ilikuwa inatetemeka.

FundiWaKenya

Sawa. Nimekubali. Lakini nina swali la mwisho: huu mwezi wa sita filitri zinaziba asubuhi hata kwa watu wasio na shaba. Mtasema nini?

Mwalimu_Likasi

Hiyo ni baridi yetu tu. Biodizeli ya mawese inaanza kufanya ukungu kwenye nyuzi kama 13 hadi 16, na asubuhi za mwezi wa sita hapa Katanga zinashuka chini ya 10. Ukitaka kutofautisha, weka filitri juani. Ukungu wa baridi unayeyuka wote. Gundi ya kuchacha haiyeyuki.

MashiniYaUnga

Ya kwangu ya mwezi wa tatu niliiweka juani siku nzima, haikuyeyuka. Leo asubuhi nimeweka nyingine, imeyeyuka kabla ya saa tatu.

Kwa hiyo nimefanya hivi: mrija wa chuma mahali pa shaba, rondeli za aluminiamu mahali pa za shaba, mwezi wa sita na wa saba biodizeli nimeishusha hadi robo, na shemeji haruhusiwi kununua mawese bila Mama kuonja. Pompi imefunguliwa jana, pistoni inateleza yenyewe ukiinamisha.

Bomba la shaba liko hapa, zima, duara zake mbili bado nzuri. FundiWaKenya akipita alichukue, alirudishe kwenye friji.

FundiWaKenya

Nakuja Jumamosi. Na friji ninayo.